Kwa nini mzee anatembea vizuri lakini anashindwa kunyanyuka?

Huenda nyumbani kwako yupo mzee anayekwenda kwenye mgao wa chakula na kurudi kwa miguu yake bila kulalamika. Lakini akikaa kwenye kigoda, anasubiri mkono wa mjukuu ndipo anyanyuke. Wengi husema, "Ni uzee tu." Uzee umo kweli, lakini lipo jambo unaloweza kufanya.

NYUZI ZA AINA MBILI

Msuli umeundwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Mtazame kuku wa kienyeji anapochinjwa: nyama ya paja ni nyekundu, ya kidari ni nyeupe. Kuku hutembea kutwa nzima, lakini huruka mara chache na kwa muda mfupi, na kidari ndicho kinachopiga mabawa. Binadamu pia ana nyuzi za aina hizo, ila kwake zimechanganyika ndani ya kila msuli.

Nyuzi za polepole ni nyekundu kwa sababu zina damu nyingi na protini inayotunza oksijeni. Nguvu yake ni ndogo, lakini hazichoki upesi. Ndizo zinazokusimamisha kwenye foleni na kukufikisha bombani.

Nyuzi za kasi hukaza haraka na kwa nguvu nyingi, kisha huchoka mapema. Ndizo zinazopandisha ndoo kichwani. Ukiteleza kwenye tope, ndizo zinazotupa mguu mbele ili usianguke.

KUTEMBEA PEKEE HAKUTOSHI

Mwili hauziiti nyuzi zote kwa pamoja. Kwa kazi nyepesi huziita kwanza zile za polepole. Zile za kasi huitwa mzigo unapokuwa mzito au panapohitajika haraka. Kwa hiyo mzee anayetembea tu anazitunza za polepole, huku za kasi zikikaa bila kazi. Na hizo za kasi ndizo zinazosinyaa zaidi kadiri umri unavyosonga. Hapo ndipo kunyanyuka kunapokuwa kugumu, na kuteleza kidogo kunaweza kuvunja nyonga.

Je, mtu akishazeeka amechelewa? Hapana. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya mazoezi ya kuinua uzito yaliyofanywa na wazee dhaifu wenye miaka 86 hadi 96. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili.

FANYA HIVI NYUMBANI

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki. Hayahitaji vifaa vya gharama.

1. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Simama bila kushika kitu, kisha kaa taratibu. Rudia mara 8 hadi 10, pumzika, rudia tena. Ukishindwa, anza kwa kushika.
2. Shika nguzo ya nyumba, inua visigino, teremsha polepole.
3. Inua chupa mbili zilizojaa maji hadi mabegani.

Mtu mwingine awe karibu. Ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au ya kiungo, acha na uende kituo cha afya.

CHAKULA NA KAZI

Msuli hujengwa kwa protini. Maharage, dengu, karanga na dagaa vinapopatikana, mzee naye apate sehemu yake. Asiachiwe ugali na mchuzi tu. Pia usimfanyie kila kitu kwa kumhurumia. Kazi anayoiweza, mwachie.

Leo jioni mwombe mzee wako asimame kutoka kwenye kiti mara 5 bila kutumia mikono, nawe ukiwa pembeni. Akishindwa, mweleze mhudumu wa afya wa eneo lako kabla hajaanguka.