Kabla ya Mionzi: Mkono, Kalenda na Mwenzio Aliyetangulia

Maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la Guangzhou nchini China, hayamsubiri mtu. Yanafunguliwa Aprili 15 na Oktoba 15, na awamu ya tatu, ile ya nguo na vitambaa, huanza Mei 1 na Oktoba 31. Mwanamke mwenye duka Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo anazijua tarehe hizo kwa ghibu. Tangu 2008 maonyesho yote yako Pazhou, kisiwa cha Mto Lulu jijini Guangzhou, kwenye kumbi ambazo mtu hutembea kutwa nzima asizimalize. Kwa hiyo mgonjwa mfanyabiashara aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi Agosti na kuandikiwa mionzi mara nyingi haanzi kwa kuuliza kama atapona. Anauliza kama atawahi Pazhou.

Ni swali la maana, wala halinikeri. Linatuingiza moja kwa moja kwenye maandalizi ya mionzi, ambayo wengi hudhani ni kujipa moyo tu na kutafuta nauli. Sehemu ya mashine ni kazi yetu sisi wataalamu wa mionzi. Sehemu ya mgonjwa ni mkono wake na kalenda yake, na kwa hayo mawili mwalimu mzuri kuliko daktari ni mwanamke aliyemaliza kupigwa mionzi hiyo hiyo.

Kwanza, kwa nini mionzi ikiwa uvimbe umeshatolewa? Kwa sababu upasuaji huondoa kinachoonekana, na chembe chache zisizoonekana huweza kubaki kwenye titi, kwenye ukuta wa kifua au kwenye tezi za kwapani. Mwaka 2011 watafiti wa Oxford walikusanya matokeo ya wanawake zaidi ya 10,000 waliotolewa uvimbe bila kukatwa titi zima. Katika miaka 10, saratani iliwarudia 35 kati ya kila 100 wasiopata mionzi, na 19 kati ya kila 100 waliopata. Aliyekatwa titi lote huenda asihitaji mionzi kabisa, au aihitaji sana, kutegemea ukubwa wa uvimbe na kama tezi za kwapani zilishaguswa. Ndiyo maana jirani yako alimaliza matibabu kwenye kisu na wewe hukumaliza. Hakuna aliyekosea.

Sasa mkono. Kwenye mashine utalala chali juu ya ubao ulioinuka kidogo, mkono wa upande uliopasuliwa umepandishwa juu ya kichwa, umeshika nondo, na utabaki hivyo dakika 10 hadi 20 bila kutikisika, kila siku. Mwanamke ambaye tangu siku ya upasuaji ameubana mkono kifuani kwa kuogopa kidonda, akalala nao hivyo, akapika nao hivyo, huja kwetu bega limekaza. Hawezi kuupandisha. Tukimlazimisha anatetemeka, na mwili unaotetemeka haupimiki. Hurudishwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wiki mbili zinapotea hivi hivi.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Siku za mwanzo, wakati mrija wa kutolea maji bado uko, ni kukunja na kukunjua ngumi, kuzungusha mabega, kuchana nywele taratibu. Mrija ukitolewa na daktari akiruhusu, simama ukitazama ukuta, weka vidole kwenye chokaa, vitembeze kupanda juu mpaka uhisi mvuto kwapani, pumua, kisha weka alama ya penseli pale vilipofika. Kesho jaribu kuipita kidogo. Wengine wataona kitu cha kutisha: uzi mgumu unaotokeza chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kiwiko, unaouma mkono ukinyooshwa. Uzi huo hutokea baada ya tezi za kwapani kuondolewa, si saratani iliyorudi, na kwa kawaida hulegea kwa mazoezi. Maji yakijikusanya chini ya kovu, sema kabla ya siku ya vipimo. Titi lililojaa maji lina umbo jingine kabisa na lile tutakalolitibu wiki mbili baadaye.

Hapa ndipo mwenzio aliyetangulia anapoingia, na historia yake ni nzuri kuisimulia. Mwaka 1952 Mmarekani Terese Lasser alikatwa titi jijini New York, akatoka hospitali bila mtu wa kumweleza ainue vipi mkono wala avae nini. Akaanza kuwatembelea wanawake wodini akiwa na begi lenye mpira mdogo wa kufinya, kamba ya kuvutia mkono na titi la muda la kuvaa ndani ya sidiria. Baadhi ya madaktari walikasirika. Mgonjwa aliyepona alikuwa anafanya nini kwenye wodi yao? Kazi yake ikaenea nchi nyingi chini ya jina Reach to Recovery. Kwetu, kina mama wa Kampala walianzisha UWOCASO mwaka 2004, na Nairobi kuna Faraja Cancer Support tangu 2010. Ukiangalia begi la Lasser utaona halikuwa na maneno ya faraja tu. Lilikuwa na mpira na kamba.

Kabla ya mionzi yenyewe kuna siku moja ya vipimo, na hii ndiyo siku ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Unalazwa vile vile utakavyolala siku zote, mashine ya CT inapiga picha, kisha unawekewa alama: ama nukta ndogo za wino zilizochanjwa kwenye ngozi, ama mistari ya kalamu iliyofunikwa kwa plasta angavu. Asiyetaka alama ya kudumu, kwa sababu ya dini au kwa kutopenda tu, aseme siku hiyo. Aseme pia kama angependa kuhudumiwa na mwanamke. Kwa mwenye saratani ya titi la kushoto, vituo vingi humfundisha kuvuta pumzi na kuizuia kwa sekunde kadhaa ili kifua kijae na moyo usogee mbali na mionzi. Jizoeze nyumbani. Kama utatibiwa Guangzhou, zoea kusikia "xi qi" ikimaanisha vuta pumzi na "bie qi" ikimaanisha izuie, kwa sababu wakati mionzi inapigwa uko peke yako chumbani na sauti inatoka kwenye spika.

Na je, utatibiwa Guangzhou? Wapo wanaokaa Xiaobei, mtaa wa jiji hilo wenye Waafrika wengi, miaka kadhaa, biashara na watoto wako huko, na kwao si ajabu. Jiji hilo lina uzoefu mkubwa wa mionzi kuliko miji mingi duniani, kwa sababu moja ya kusikitisha: saratani ya nyuma ya pua, ambayo tiba yake kuu ni mionzi na si kisu, imewaandama watu wa Guangdong kiasi cha kuitwa kwa jina la Canton. Hospitali ya saratani ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen ipo tangu 1964. Na kuhusu titi, Guangzhou ina kumbukumbu ya zamani zaidi. Daktari mmisionari Peter Parker alifungua hospitali huko mwaka 1835, na mchoraji wa mjini, Lam Qua, akawachora kwa rangi za mafuta wagonjwa wake wenye uvimbe, wakiwemo wanawake wenye uvimbe wa titi. Nyingi ya picha hizo ziko Yale, Marekani. Nyuso zimetulia mno. Kisha unakumbuka kwamba etha, dawa ya usingizi, ilifika kwenye hospitali hiyo mwaka 1847, na waliotangulia walikatwa wakiwa macho.

Ninachokataza ni kuanzia huku na kumalizia kule. Wapo wanaofikiri watapigwa siku nane Dar es Salaam na saba zilizobaki wazipate China wakiwa safarini. Mpango wa mionzi ni gauni lililoshonwa kwa vipimo vya mwili mmoja na kwa cherehani moja: pembe, nguvu ya miale, hata ubao uliolalia vyote vimehesabiwa kwa mashine ile. Ukihamia kituo kingine wanapima upya, wanapanga upya, na siku zinayoyoma katikati ya tiba. Chagua mji mmoja, ukae humo mpaka mwisho.

Kama ulipasuliwa Guangzhou na mionzi utapigwa nyumbani, usiondoke bila ripoti ya upasuaji, ripoti ya maabara yenye majibu ya homoni na HER2, orodha ya dawa za kemo na vipimo vyake, na picha za CT kwenye diski. Omba vitafsiriwe na kugongwa muhuri. Uliza kama daktari aliacha klipu ndogo za chuma pale uvimbe ulipokuwa. Kwetu hizo ni dira. Na usimtume ajenti wa kago akutafsirie mambo ya titi lako. Atafsiri bei za vitenge. Hapa tafuta mwanamke.

Tuje kwenye kalenda. Asiye na kemo kwa kawaida huanza mionzi wiki nne hadi nane baada ya upasuaji. Mwenye kemo husubiri imalizike kwanza. Zamani ilikuwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano nzima. Tafiti za Uingereza na Kanada zilionyesha kwamba siku 15 au 16 zinatosha wengi, na mwaka 2019 madaktari wa China walichapisha utafiti wa wanawake 820 waliokatwa titi lote, nusu wakipata mara 15 na nusu mara 25: mara 15 hazikuwa duni. Mwaka 2020 Waingereza wakafika hadi mara tano kwa wiki moja kwa baadhi ya wagonjwa. Uliza yako ni ngapi, na kama kuna za nyongeza mahali uvimbe ulipokuwa. Uliza pia mashine ni ya aina gani. Mashine ya kobalti hupungua nguvu kila mwaka, hufikia nusu baada ya miaka mitano na kidogo, kwa hiyo kobalti iliyozeeka hukulaza muda mrefu zaidi kila siku. Hospitali ya Mulago, Kampala, mashine ya kobalti iliharibika mwaka 2016, nayo ilikuwa ya pekee nchini, na mpya haikuanza kazi mpaka miaka miwili ilikuwa inakaribia kutimia. Tangu hapo mimi humwambia kila mgonjwa apange makazi kwa wiki moja zaidi ya alizoandikiwa. Anayetibiwa China naye akumbuke sikukuu ya taifa, Oktoba 1 hadi 7, na Mwaka Mpya wao. Aulize mapema mashine itapumzika siku zipi.

Hesabu basi: upasuaji katikati ya Agosti, mionzi kuanzia mwanzoni mwa Oktoba, mara 15, unamaliza ukingoni mwa awamu ya tatu. Kwenye karatasi unawahi. Lakini ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja hadi mbili baada ya siku ya mwisho, na uchovu hufuata ngozi. Kubeba mkoba wa sampuli begani ukiwa hivyo, kwenye kumbi za Pazhou, ni kujitafutia. Mtume mdogo wako, au agiza kwa simu, uende mwenyewe Mei. Ndege yenyewe siyo tatizo kubwa kama inavyosemwa: utafiti wa Boston wa mwaka 2016 haukuona kwamba safari za angani huvimbisha mkono. Damu kuganda miguuni ndiyo ya kuangalia, hasa kwa anayetumia tamoksifeni, dawa ya homoni. Inuka, tembea kwenye ujia wa ndege.

Ngozi yetu haiwi nyekundu kama ya kwenye vitabu. Huwa nyeusi zaidi, huwasha, halafu hubanduka kwapani na chini ya titi. Muuguzi anayetafuta wekundu hataona kitu, kwa hiyo wewe ndiye wa kusema. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusa bila kusugua. Liwa, manjano, singo na udi viweke kando kwa muda. Vaa dera pana au kanga laini ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Sidiria ya waya iache. Na mionzi hii haibaki mwilini: ukitoka chumbani, mkumbatie mtoto wako, lala na mumeo.

Haya ya kanga na dera sikuyasoma chuoni. Niliyasikia kwenye benchi la kusubiri, kwa wagonjwa wenyewe, na nimeyaona yakifanya kazi. Mtafute mwenzio kabla ya kuanza, si baada ya kuungua. Muulize alivaa nini, alilala upande gani, alimwambia nini mume, nani alishika duka. Usimuulize upigwe mara ngapi, wala uache dawa gani ukanywe majani ya mstafeli. Saratani yake si yako, na mpango wake haukupimwa kwenye kifua chako. Mwenzio mwema atakuonyesha kovu lake na mkono wake umefika wapi ukutani. Akikuuzia dawa, badilisha mwenzio.

Ila mkono ukivimba ghafla ukawa wa moto, ngozi ikitoa maji yenye harufu, au homa ikipanda, usisubiri ushauri wa mtu yeyote kwenye WhatsApp wala WeChat. Hayo ni ya kituo chako cha mionzi, siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.