Mikoa Ikigawanywa, Timu za Watoto Wetu Huenda Wapi?

Kila msimu wa michezo ya shule ukikaribia, vijiwe vyetu hujaa maneno. Ukikaa Ipinda utasikia kwamba Kyela inahamishiwa kundi jingine. Ukifika Matema utaambiwa tutaunganishwa na wenzetu wa Ludewa, maana ziwa ni moja. Kyela mjini wako wanaosema mkoa utagawanywa tena. Ukiuliza nani kasema, kila mmoja kasikia kwa mwenzake. Kubahatisha si kosa. Lakini tukibahatisha, tujue kwanza mambo haya yanavyokwenda.

Michezo ya shule za msingi inaitwa UMITASHUMTA. Ya sekondari inaitwa UMISSETA. Yote miwili hupanda ngazi. Watoto huanza kushindana shuleni. Wanaochaguliwa huenda ngazi ya kata, kisha halmashauri, kisha mkoa, na mwisho taifa. Sasa angalia vizuri. Ngazi hizo ni zilezile za serikali. Mpaka wa mkoa ukihama, timu nayo inahama. Kwa hiyo anayetaka kujua watoto wa Kyela watacheza na nani, atazame ramani kabla ya kutazama mpira.

Mfano tunao jirani kabisa. Zamani Kyela, Ileje na Rungwe zilikuwa wilaya moja. Zilipotengana, zilibaki katika mkoa mmoja wa Mbeya, na watoto wao waliendelea kukutana mkoani. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukazaliwa. Ileje, Mbozi, Momba na Wilaya ya Songwe zikaenda huko. Kyela ikabaki Mbeya. Basi mtoto wa Ileje na mtoto wa Kyela, ambao mashamba ya wazazi wao yanaweza kuwa karibu kuliko Kyela na Chunya, leo wanavaa jezi za mikoa miwili.

Je, tulipata au tulipoteza? Tufanye hesabu. Timu ya mpira wa miguu ina wachezaji 11 uwanjani. Netiboli ina 7. Kabla ya 2016, shule zote za mkoa ule mkubwa ziligombea nafasi 11 za mpira na 7 za netiboli, tukiacha wachezaji wa akiba. Baada ya mgawanyo zikawa timu mbili. Nafasi zikawa 22 na 14. Tena tazama Bara nzima. Hadi mwanzoni mwa 2012 mikoa ilikuwa 21. Mwaka huo ikaongezwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ikafikisha 26. Hiyo ni mikoa mitano mipya. Zidisha mara 11, unapata nafasi 55 za uwanjani kwa timu za mpira za wavulana peke yake. Hujahesabu wasichana, wala wavu, wala riadha.

Upande wa pili nao upo. Mkoa mdogo huchagua katika shule chache, kwa hiyo timu inaweza kupungua nguvu. Na kila mkoa mpya unahitaji gari lake, walimu wake wa kusindikiza na chakula chake cha kambi. Pamoja na hayo, sisi tunaona mtoto alifaidi. Binti mwenye kipaji ambaye angeachwa Mbeya kwa kukosa nafasi, sasa anaweza kufika taifani akaonekana.

Tuje kwenye lile neno la Matema. Kama makundi yangefuata ufuko wa ziwa, Kyela ingekuwa pamoja na Ludewa, iliyo Mkoa wa Njombe, na Nyasa, iliyo Mkoa wa Ruvuma. Kwa macho linapendeza. Hata meli ya MV Mbeya II iliyozinduliwa hapa kwetu mwaka 2021 ilijengwa kubeba abiria 200, hiyo ni shule nzima ndogo! Lakini upepo wa kusini ukichafua ziwa, nani atapandisha watoto wa darasa la tano melini? Kwenda Mbeya ni zaidi ya kilometa 100, ila ni lami kupitia Tukuyu. Hapo sisi hatuoni jambo hili likitokea karibuni.

Tusidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Marekani vyuo vikuu hucheza kwa makundi, na huko kinachohamisha timu ni fedha za televisheni. Kundi moja la pwani ya magharibi, lililoitwa Pac-12, lilivunjika. Mwaka 2024 vyuo kumi vilikuwa vimeondoka, vikabaki viwili. Chuo cha USC cha Los Angeles sasa kiko kundi moja na Rutgers cha New Jersey, karibu kilometa 4,000. Wanafunzi hao wanapanda ndege. Wa kwetu, lori likiharibika Tukuyu, wamelala Tukuyu.

Hata kwetu fedha imehamisha timu, ingawa si ya shule. Ihefu ya Mbarali ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 2 kwa 1 Novemba 2022, baada ya Yanga kucheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kubadili jina. Watu wa Mbarali hawakupigiwa kura.

Mpaka wa mkoa haubadilishwi hivyo. Kwa Katiba, mwenye uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya ni Rais. Lakini kwa kawaida pendekezo hupita katika vikao: kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kikao cha ushauri cha wilaya, kisha cha mkoa. Kikao cha kijiji kina muhtasari ulioandikwa. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuomba kuusoma. Ukisikia kijiweni kwamba Kyela inahama, muulize msemaji: lilijadiliwa kikao gani, tarehe gani? Akikosa jibu, endeleeni na bao.

Na kikao kijacho kikiitishwa, kabla ya habari za mikoa, ulizeni jambo lililo karibu zaidi. Mashindano ya kata huangukia miezi ya mvua kubwa, Aprili na Mei, viwanja vyetu vingi vikiwa vimejaa maji. Je, kata yenu imeshapata kiwanja cha mwinuko?