Hela ya Dhiki: Dhahabu ya Singida katika Vita ya Wageni

Ndugu msomaji, umtumapo mtoto dukani hapa Mwankoko, jambo la kwanza atakalokudai ni hela. Je, umepata kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Lilitokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani. Tangu mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja. Kisa cha mwisho cha sarafu hiyo chatuhusu sisi wana-Singida.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani yetu. Sarafu za kutoka Ujerumani zikakosa njia. Serikali ya kikoloni ikachapisha noti papa hapa nchini, lakini wananchi walizitazama karatasi hizo kwa shaka, wakazificha rupia zao za fedha.

Mwaka 1916, huku majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yakiukaribia mji wa Tabora, karakana ya reli mjini humo iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano zilipigwa heller 20. Za heller 5 zilikuwa za shaba ya manjano. Kisha ikapigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitoka kiasi cha 16,000. Dhahabu hiyo ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, katika mkoa wetu huu.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora. Utawala ulipoanguka, noti zake zilibaki karatasi. Shaba na dhahabu zilibaki na thamani yake. Leo tembo yule hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Sura ya tai imo, ya tembo imo. Ya mchimbaji wa Sekenke haimo.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta katika kisanduku cha bibi sarafu iliyochakaa yenye mwaka 1916 na herufi T, usimpe mtoto aichezee. T hiyo ni Tabora. Mketishe mtoto, umweleze kwamba vita ile haikuwa yetu, bali mali na jasho vilikuwa vyetu. Naye kila atakapotamka neno hela, atakuwa na la kukumbuka.