Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mgonjwa wa moyo akiruhusiwa kurudi nyumbani Nshamba, kwanza ananyang'anywa jembe. Anawekewa kiti barazani, kila mmoja anamwambia apumzike. Mtu aliyezoea kuingia kibanjani alfajiri anageuka mgeni kwenye migomba yake mwenyewe. Unyonge unaingia hapo, na dawa zinaanza kusahaulika.

Kliniki huwa naomba kuona vidonge vyenyewe, si cheti. Bibi mmoja alifungua pindo la kanga, tukahesabu pamoja: vya presha vilizidi kumi na vinne. Sikumkaripia. Nilimuuliza analalaje. "Silali, mwanangu. Nawaza viatu vya mjukuu."

Watafiti wa San Francisco walifuatilia wagonjwa wa moyo kwa miaka mitano, na mwaka 2015 wakatoa matokeo yao. Wenye furaha na ari ndio waliofanya mazoezi zaidi, wakalala vizuri, wakameza dawa ipasavyo na kuepuka sigara. Hata hivyo, furaha ya mwanzoni peke yake haikutabiri tabia za baadaye. Aliyechangamka kadiri miaka ilivyokwenda, tabia zake nazo zilitengemaa. Ndiyo maana simwambii mgonjwa asubiri moyo ufurahi ndipo atembee. Aanze kutembea, na sisi tumwondolee kinachomkosesha usingizi.

Nshamba inalijua hili kuliko miji mingi. Tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee pensheni ndogo, wengi wao bibi wanaolea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI. Mimi naihesabu pensheni hiyo kuwa tiba ya moyo.

Kwa hiyo, ndugu, mrudishieni mgonjwa kazi yake kidogo kidogo, daktari akisharidhia: kuchambua maharage, kukata majani makavu ya migomba, kutembea hadi kwa jirani kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Kifua kikibana, asimame, na kisipotulia upesi awahishwe hospitali. Senene wake wakaangwe bila chumvi. Sigara iishe kabisa.

Bibi yule tulimpangia kumeza vidonge asubuhi, mjukuu anapoaga kwenda shule. Mtoto ndiye anayehesabu. Mwezi uliofuata pindo lilifunguliwa tena: vilikuwa vimezidi viwili tu, na bibi alikuja kwa miguu.