Joto la Julai mlimani: Mtoto msemaji akinyamaza, simama

MZAZI aliyekulia Lushoto au Limuru akisikia neno mlima huwaza sweta. Mlimani ni ukungu wa asubuhi, chai ya moto na blanketi la pili usiku. Kwa hiyo mzazi wa namna hiyo, akiwa amehamia Marekani na joto la Julai limemchosha mjini, ni rahisi kuona kwamba dawa ni kupakia watoto kwenye gari na kwenda kutembea mlimani.

Kwenye Njia ya Appalachian, hasa kipande chake cha jimbo la Pennsylvania, hesabu hiyo haitoki.

Njia hii ya miguu ina urefu wa takriban kilomita 3,500. Inaanzia Springer Mountain katika jimbo la Georgia, inapita majimbo 14 na kuishia kwenye mlima Katahdin, Maine. Ilikamilika mwaka 1937. Wapo wanaoitembea yote kwa miezi mitano, sita au zaidi, wakifuata alama za rangi nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe. Lakini wapo pia watu wa siku moja: familia inaegesha gari pale njia inapokatiza barabara, inatembea saa chache na kurudi nyumbani jioni.

Pennsylvania ina karibu kilomita 370 za njia hiyo, na milima yake ni mifupi. Sehemu kubwa ya njia iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, wakati mji wa Lushoto wenyewe uko karibu mita 1,400. Joto la hewa hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo juu ya vilima hivi mtu hupata nafuu ya nyuzi mbili au tatu tu. Bondeni kukiwa na nyuzi 34, juu nako ni joto. Tena ni joto la unyevunyevu, lile la Tanga au Mombasa mwezi Februari, jasho linatiririka lakini halikauki. Na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Kisha kuna mawe. Watembeaji wameibandika Pennsylvania jina la utani, Rocksylvania, kwa sababu kwa kilomita nyingi njia si udongo bali ni mawe yenye ncha, mengine yanacheza ukiyakanyaga. Mtoto wa miaka minane lazima aangalie kila hatua. Kipande ambacho baba alikadiria saa mbili kinakula saa nne, na maji yaliyofungashwa ni ya saa mbili. Mara nyingi tatizo huanzia hapo, kwenye hesabu ya mezani, kabla jua halijafanya lolote.

Mahali panapoonyesha jambo hili vizuri ni Lehigh Gap, karibu na mji wa Palmerton. Viwanda vya kuyeyusha madini ya zinki vilianza kazi hapo mwaka 1898, na uyeyushaji ukasimama mwaka 1980. Kwa miaka hiyo moshi wake uliua miti ya mlimani. Nyasi na vichaka vimekuwa vikirudishwa, lakini anayepanda kuelekea kaskazini bado hukutana na mawe matupu, anapanda kwa mikono na miguu, kivuli hakuna, na mawe yanamrudishia usoni joto yaliyolikusanya tangu asubuhi. Nyoka nao hupenda kuota jua kwenye mawe ya namna hiyo, kwa hiyo mkono wa mtoto usitangulie mahali ambapo jicho halijafika. Familia iliyotoka garini saa 4 asubuhi hujikuta mahali kama hapo saa 6 mchana. Julai jua huchomoza kabla ya saa 12 asubuhi. Wenye uzoefu huwa wameshaanza kutembea.

Sasa mtazame mtoto mwenyewe. Saa ya kwanza anaruka, anaokota vijiti, anauliza maswali. Saa ya pili analalamika: bado tu? Nimechoka. Nataka juisi. Mzazi anachoka kumsikiliza, ila malalamiko hayo ni habari njema, maana mtoto bado anajua hali yake na ana nguvu ya kuisema. Saa ya tatu ananyamaza. Hapo wazazi wengine hushusha pumzi, wakidhani hatimaye amezoea.

Mtoto msemaji akinyamaza kwenye joto, kila mtu asimame. Muulize alikunywa chai na nini asubuhi, au mwalimu wake anaitwa nani. Kama anajibu sawasawa lakini kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu, amepauka na analowa jasho, joto limeanza kumzidi. Akae kivulini, alegezwe nguo, aloweshwe kichwa na shingo, anywe maji kidogo kidogo. Safari ya kupanda imeishia hapo kwa siku hiyo.

Kama maneno yake hayaeleweki, anapepesuka, anapoteza fahamu au mwili unawaka, hicho kinaweza kuwa kiharusi cha joto, na huua. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini. Mtu anaweza kukipata huku bado anatoka jasho. Pigeni simu 911, mmwagieni maji yote mliyonayo, mpepeeni bila kuacha. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe kitu. Na kwa kuwa simu haishiki mtandao kila mahali milimani, lijue jina la barabara ya mwisho mliyoivuka, ili waokoaji waelekezwe.

Mdogo anayebebwa mgongoni ana hatari yake. Baba anatembea, anapata upepo kidogo, anajua kiu yake. Mtoto ameketi hatikisiki, jua liko juu yake na joto la mgongo wa baba liko mbele yake. Zaidi ya hayo, anayembeba hamwoni uso. Mama atembee nyuma yao, si mbele, na mtoto ashushwe mara kwa mara hata kama amelala. Hasa kama amelala.

Maji ni mzigo: lita moja ni kilo moja, na mtu mzima anayepanda kwenye joto huhitaji walau nusu lita kila saa. Alama za rangi ya buluu huelekeza pembeni mwa njia, mara nyingi kwenye chemchemi, ila nyingi za Pennsylvania hukauka kiangazi kikikolea, na maji yake hayanywewi bila kuchujwa kwa kichujio maalumu au kuchemshwa. Fungasheni pia karanga za chumvi. Maji matupu mengi mno bila chumvi nayo hudhuru.

Gumu kuliko yote ni kugeuka. Baba ameendesha gari saa mbili, kilele kinaonekana, watoto wameahidiwa picha. Neno "turudi" linakuwa kama kushindwa mbele ya familia.

Mwaka 1954 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 kutoka Ohio, alianza njia hii peke yake kutokea Maine. Akapotea, miwani ikavunjika, chakula kikaisha, na askari wa hifadhi wakamwambia aende nyumbani. Akaenda. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alirudi kwa kuanzia Georgia, na raba miguuni na mfuko alioushona mwenyewe begani, akaitembea yote mpaka Katahdin. Ndiye mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa safari moja. Watembeaji wanamjua kwa jina la Bibi Gatewood.

Mkifika kwenye gari lililoshinda juani, fungueni milango yote kwanza; vishikizo vya mikanda ya kiti cha mtoto huwa vya kuunguza. Nyumbani, kabla ya kulala, watoto wakaguliwe kupe, maana wa huko huambukiza ugonjwa wa Lyme na wachanga wao ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Angalieni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na nyuma ya masikio. Kwa msichana aliyesukwa, pitisheni vidole polepole katikati ya kila mstari wa nywele.