Jino Lililoota Pasipo Pake

Madaktari wamewahi kutoa jino puani, kwenye kaakaa, hata ndani ya uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu. Mwenye jino la puani huweza kutibiwa mafua miaka mingi, tundu moja limeziba na linatoa harufu, hadi eksirei ionyeshe kinachomsumbua.

Meno huanza kuumbika mtoto angali tumboni, yapata wiki ya 6. Kichipukizi cha jino kikisukumwa na jeraha au uvimbe, au taya likikosa nafasi, jino hukua kuelekea kusikotakiwa. Ukiacha magego ya mwisho, linaloongoza kwa kukwama ni chonge la juu la ukubwani, kwani huanzia mbali, karibu na pua. Mtoto akifika miaka 10 au 11 na chonge hilo halipapasiki chini ya ufizi, apelekwe kwa daktari wa meno.

Chonge lililokwama likigunduliwa mapema, pengine kung'oa chonge la utotoni hutosha kulifungulia njia. Likichelewa, daktari hupasua ufizi, hubandika kijipete juu ya jino, kisha waya hulivuta taratibu kwa miezi kadhaa. La puani hutolewa kupitia tundu la pua. La nyuma ya shavu hufikiwa kwa kupasua ndani ya mdomo, juu ya ufizi.

Kwa familia ya Kibondo, mkoani Kigoma nchini Tanzania, au ya wakimbizi wa Burundi waliopokewa Nduta, kambi ya huko iliyofunguliwa upya mwaka 2015, upasuaji kama huo ni safari ndefu: Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, au Bugando, Mwanza. Ndiyo maana kinga ina uzito.

Na hapa ipo hatari tunayoitengeneza wenyewe. Nchini Tanzania, mtoto mchanga akihara na kuchemka, wapo wanaolaumu “meno ya plastiki”. Uvimbe mweupe unaoitwa hivyo, unaoonekana ufizini, ni chonge la utotoni, liko mahali pake. Likichokonolewa kwa wembe au spoki ya baiskeli, mtoto huweza kuvuja damu, kupata pepopunda au VVU, na kichipukizi cha jino la ukubwani kilicho jirani huharibika au kusogezwa. Mtaalamu wa magonjwa ya kinywa Jens Pindborg alieleza madhara hayo ya meno kutoka Uganda mwaka 1969.

Kinachomuua mtoto anayehara ni kupungukiwa maji. Mpeni maziwa ya mama, ORS na zinki, na mumfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Ufizi wake uacheni.