Bendi Iliyoimba kwa Upepo

Sogeeni hapa, wajukuu zangu, maana pizza mliyoagiza haijaingia hata kwenye tanuri. Rolex ya Wandegeya unaiona ikikaangwa mbele ya macho yako: yai, chapati, nyanya, ikunjwe, ulipe, uondoke. Pizza haina haraka hiyo. Unga utandazwe, upakwe nyanya, unyunyiziwe jibini, kisha moto ufanye kazi yake. Na mtoto mwenye njaa akiambiwa atulie, mnajua wenyewe: anamwaga chumvi mezani, anapotelea chini ya kiti, anamfinya mdogo wake.

Kulikuwa na Mmarekani aliyeitazama nusu saa hiyo ya kero akaona hela. Jina lake Nolan Bushnell. Mwaka 1972 yeye na mwenzake walianzisha Atari, kampuni iliyowapa watu Pong, ule mchezo wa kurushiana kitone cha mwanga kwenye skrini. Mashine zake zilikuwa zikimeza sarafu kwenye mabaa, mahali ambapo watoto hawakutakiwa. Bushnell akawaza: nikifungua mahali ambapo mzazi ataagiza chakula kisichoiva upesi, mtoto atashinda akitumbukiza sarafu kwenye mashine zangu. Lakini mzazi naye apewe sababu ya kuja. Hapo akakumbuka chumba kimoja cha Disneyland, kilichofunguliwa mwaka 1963, chenye ndege wa mitambo wanaoimba na kupepesa mabawa.

Mei 1977, katika mji wa San Jose, California, akafungua Pizza Time Theatre. Ukiinua macho kutoka kwenye sahani uliwaona wanyama ndani ya fremu za picha, juu ukutani, wakitaniana na kuimba. Kiongozi wao alikuwa panya mwenye sigara, Chuck E. Cheese. Ndiyo, panya, ndani ya mkahawa! Inasemekana Bushnell alinunua vazi akidhani ni la mbweha wa Kimarekani, kumbe ni la panya. Mkia mrefu wa waridi ulipojitokeza, vazi lilikuwa limeshalipiwa.

Msidhani wazo la kuwaburudisha wageni kwa mitambo lilizaliwa California. Mwaka 1206 fundi Al-Jazari, aliyekuwa akiwatumikia wafalme wa Diyarbakir, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alieleza kitabuni mashua yenye wanamuziki wanne wa bandia. Mashua ilielea kwenye bwawa wakati wa karamu, na maji yaliyokuwa yakitiririka ndani yake yaliwafanya wapige ngoma, kinubi na filimbi. Miaka mia saba na zaidi kabla ya panya wetu, tayari kuna mtu alijiuliza: wageni wafanye nini wakati wanasubiri?

Sasa akaingia mfanyabiashara wa hoteli, Robert Brock. Alikubaliana na Bushnell kufungua mikahawa mingi ya panya, kisha akaenda Florida kuona wanyama wa mitambo wa kijana mmoja, Aaron Fechter. Akarudi amebadilika. Alivunja mkataba, na Machi 1980 akafungua mkahawa wake mwenyewe huko Kansas City, ShowBiz Pizza Place, wenye bendi ya Fechter: Rock-afire Explosion. Bushnell alimshtaki, wakapatana, na ShowBiz ikakubali kumlipa sehemu ya faida kwa miaka kadhaa.

Bendi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Sokwe Fatz alikaa kwenye kinanda, mbwa Dook kwenye ngoma, kipanya Mitzi akaimba. Dubu Billy Bob alizungumza kwa sauti ya Fechter mwenyewe.

Waliendeshwaje? Simama siku moja karibu na fundi wa kuziba pancha, yule mwenye kompresa ndogo ya kujazia bodaboda upepo. Sikia ule mlio: psss! Huo ndio uliokuwa uhai wa Billy Bob. Nyuma ya jukwaa kompresa ilisukuma hewa kwenye mipira myembamba iliyopita ndani ya miguu, kiunoni, hadi kichwani. Kwenye kila kiungo palikuwa na silinda ndogo yenye pistoni. Vali ya umeme ikifunguka, hewa inaingia, pistoni inasukuma, kope inashuka. Vali ikifunga, springi inairudisha kope juu. Taya lilikuwa na silinda yake, na nyusi na kiwiko vivyo hivyo.

Na vali ilijuaje ni saa ngapi ifunguke? Kulikuwa na utepe kama wa kaseti, wenye njia kadhaa zinazokwenda sambamba. Njia moja ilibeba muziki uliosikika ukumbini. Nyingine ilibeba milio ambayo hakuna mteja aliyeisikia, maana ilikuwa amri: taya fungua, taya funga, geuka kushoto. Kabla ya hapo mtu alikuwa amekaa kwenye kidhibiti akibonyeza vitufe, kiungo kimoja baada ya kingine, wimbo ukirudiwa na kurudiwa mpaka mnyama aonekane kweli anaimba. Ngozi za nyuso zilikuwa za mpira laini. Vikaragosi vya XYZ Show, kipindi cha dhihaka kilichoanza Kenya mwaka 2009, navyo vina nyuso za mpira, ila ndani yake mna mikono ya binadamu.

Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka Marekani. Machi 1984 Pizza Time Theatre ya Bushnell ikafilisika, na wapinzani wake wa ShowBiz wakainunua, panya na vyote.

Mwaka huohuo wa 1984, hapa Uganda, Stephen Rwangyezi alianzisha kikundi cha Ndere. Hakuwa na kompresa. Alikuwa na vijana, ngoma na filimbi. Leo ukienda Ndere Centre, barabara ya Ntinda kwenda Kisaasi, Jumapili jioni, wazazi wanakula, na mbele yao Bwola ya Waacholi inafuatwa na Ekitaguriro ya Ankole. Kati ya ngoma na ngoma Rwangyezi anashika kipaza sauti na kuwatania wageni. Anakuja dada anayecheza na chungu kichwani. Anawekewa cha pili, cha tatu, vinazidi kupanda, na kiuno hakijasimama. Mtoto aliyekuwa akilia njaa anahesabu vyungu. Silinda ingeweza kulirudia tendo hilo mara elfu bila kutoa jasho, na hakuna ambaye angeshika pumzi, kwa sababu chungu kilichofungwa kwa skrubu hakianguki.

Turudi kwa Billy Bob. Kati ya 1990 na 1992 wenye ShowBiz waliamua kubaki na panya peke yake. Fechter hakutaka kuwauzia haki za wahusika wake, kwa hiyo mafundi waliingia mikahawani, wakawavua manyoya na nyuso, wakavisha mifupa ileile ya chuma sura za Chuck E. Cheese na wenzake. Mtoto aliyemzoea Fatz alirudi akamkuta zimwi Mr. Munch amekalia kinanda. Sishangai kwamba mwaka 2014 Scott Cawthon alitunga Five Nights at Freddy's, mchezo ambao wanyama wa mkahawa wa pizza wanatembea usiku. Baadhi yenu mmeucheza kwa siri kwenye simu za mama zenu.

Mwaka 2024 Chuck E. Cheese walitangaza kuwaondoa wanamuziki wao karibu mikahawani kote, na kubakiza matawi machache tu, likiwemo la Northridge, Los Angeles. Mahali pao palichukuliwa na skrini na sakafu ya kuchezea. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo, Kileleshwa, Nairobi, watu walikuwa wakimiminika kwenye mkahawa ambao roboti wanapeleka chakula mezani. Hawaimbi, lakini sahani wanafikisha.

Mkitaka Billy Bob wenu, mwombeni mtu wa duka la dawa mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zenyewe, na mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Vuta moja lijae hewa, lingine lisukume mpaka chini, ndipo uyaunganishe. Bandika hilo tupu ndani ya boksi la pizza, kijiti chake kikigusa kifuniko. Bonyeza lile lililojaa: kifuniko kinafunguka kama mdomo, kwa kushtukashtuka, kama taya la dubu wa Fechter. Kisha jaribuni kwa maji badala ya hewa, mwone taya linavyotulia, maana maji hayabonyei. Ila hilo mkalifanyie uani. Mkilowesha kochi la mama, mimi sikuwepo.